Aliyeliliwa Alikuwa Wafula

Ijumaa ni siku yangu ya kupumzika. Nilikuwa nikipiga pasi shati chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, huku nchi za Waarabu, mvuke wa kitambaa chenye unyevu ukinipanda puani, mara nikasikia nyanya yangu analia. Nyanya alikufa zamani. Sikushtuka kama mtu aliyesikia mzimu. Nilishtuka kama mtu aliyekuta mali yake inapigwa mnada sokoni. Sauti ilitoka kwenye simu ya Mugisha, Mganda ninayeishi naye, aliyekuwa amejilaza kitandani na kikombe cha chai ya karak kifuani, akitazama kipindi kuhusu maisha ya mwigizaji mmoja wa Wales aliyefariki majuzi.

"Rudisha nyuma," nilimwambia. "Huyo ni nyanya yangu."

"Ssebo, unachoma shati!" alisema; kwao ssebo ni bwana.

Kweli nilikuwa nalichoma. Nikaiweka pasi kando, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, tukakitazama kipindi kile kuanzia mwanzo.

Mwigizaji mwenyewe aliitwa Tudur. Kipindi kilieleza kwamba alizaliwa kwenye bonde la wachimba makaa, baba yake akitoka shimoni kila jioni akiwa mweusi kwa vumbi, na kwamba sauti yake ilitambuliwa mara ya kwanza kanisani, alipokuwa akisoma Biblia mbele ya waumini. Akaenda London, akasimama kwenye majukwaa makubwa, akaigiza wafalme na wauaji. Uso ulipoanza kukunjamana, filamu zikamchukua. Kisha likaja lile lililonipandisha damu. Walisema alipokwenda Afrika kuigiza daktari anayekufa kwa homa kijijini, wenyeji walimpenda hata machozi yao kwenye mazishi yake ya filamu hayakuwa ya kuigiza.

Hayakuwa ya kuigiza, ni kweli. Lakini si yeye aliyekuwa akililiwa. Nisikilizeni, maana mimi nilikuwepo.

Kijiji chenyewe ni chetu, upande wa Bungoma. Nilikuwa darasa la tatu. Baba yangu, Wafula, alikuwa fundi wa malori yaliyokwenda Sudan, na misimu miwili ya mvua kabla ya filamu, dereva mmoja alifika nyumbani akavua kofia kabla hata hajasalimu. Alisema Wafula alishikwa na homa njiani, akafa ng'ambo ya mpaka, akazikwa kando ya barabara na watu wasiojua jina lake. Mama akaanguka. Nyanya akafungua kinywa. Babu akamzuia kwa fimbo aliyoinyoosha mbele ya uso wake.

"Mimi sijaona maiti," alisema. "Anayetaka kumlilia Wafula na aniletee maiti."

Kwetu, mtu akifia mbali asirudishwe, hukatwa mgomba, ukafungwa blanketi, ukaliliwa na kuzikwa kwa heshima zote. Majirani walipokuja na wazo hilo, Babu aliwafukuza mpaka barabarani. Ukimlilia mtu aliye hai unamuua, alisema, na Wafula wake alikuwa hai. Basi hapakuwa na matanga. Hakuna aliyenyoa kichwa, hakuna aliyekuja kulala kwetu, hakuna chungu kilichotiwa motoni kwa ajili ya wageni. Nyanya, ambaye msiba usio na sauti yake ulikuwa kama chai isiyo na majani, aliendelea kwenda kulilia wafu wa watu wengine, akarudi nyumbani kupepeta mahindi kimya. Mimi nilimtazama na kumhesabia kosa. Niliona kwamba hakumpenda baba.

Ndipo wakaja watu wa filamu na malori yao na miavuli myeupe. Tudur alikuwa mrefu, mwenye pua nyekundu ya jua, na kila asubuhi alishuka mtoni kunoa sauti yake kwa kupanda na kushuka, mpaka ndama walikata kamba. Tulimwita Tuduri. Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa mkalimani, na siku ya kwanza alipomtambulisha kuwa Mwingereza, yule mzee alichukia mbele yetu sote. Alisema yeye si Mwingereza, ana nchi yake na lugha yake, na mama yake angeinuka kaburini kusikia hivyo. Mwalimu akatafuta namna ya kutueleza, mwishowe akasema, "Ni kama mtu atuite sisi Wajaluo." Tukaelewa mara moja. Kipindi cha Mugisha, nawaambia, kilimwita Mwingereza mara mbili. Hata yeye hawakumheshimu.

Siku ya mazishi ya daktari ilipofika, Tudur alilala kwenye machela, shuka hadi kidevuni, na akina mama wakaambiwa walie. Hakuna aliyelia. Mwongozaji wa filamu, kijana mwenye kaptula, akapiga kelele kwa lugha yake. Nyanya akaweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, mwambie huyu mtoto hatumlilii mtu anayepumua. Akifa kesho watasema ni sisi tuliomuua."

Mwalimu alipotafsiri, machela ikatikisika. Tudur aliinuka akijipangusa nyasi, akamwambia mwongozaji jambo kwa ukali, kisha akamuuliza Nyanya sasa wafanyeje.

"Kateni mgomba," Nyanya alisema.

Ukakatwa, ukafungwa blanketi, ukalazwa mahali pake. Babu alikuwa mbele kabisa, kwenye kiti, kwa kuwa alichaguliwa kuwa mmoja wa wazee wa kijiji katika filamu. Nyanya akamgeukia.

"Mzee, hawa wanasema ni mchezo tu. Au na mchezo umeukataza?"

Watu wakacheka. Babu aliutazama ule mgomba muda mrefu.

"Mchezo ni mchezo," akasema.

Sisi watoto tulisukumwa nyuma ya lori tusije tukaingia kwenye picha. Sikuona kitu. Nilisikia tu sauti ya Nyanya ikipanda, ikavunjika, ikapanda tena, na ya mama ikaifuata, kisha kina mama wote, mpaka mabati ya lori yakawa yanatetemeka chini ya kiganja changu. Maneno hayakunifikia kwa kelele ile. Karibu nami, Tudur mwenyewe alikuwa amesimama, kofia mkononi, mzima kabisa. Niliona hasira ambayo sijaiona tena tangu siku ile. Baba yangu hakupata hata chozi, na mzungu huyu analiliwa na kijiji kizima!

Jioni sikula. Siku ya tatu nilimkuta mama uani akiwa na wembe, beseni la maji na povu la sabuni. Nyanya alikuwa amekwisha nyolewa, kichwa chake kiking'aa kama yai.

"Njoo ukae," mama aliniita.

"Mimi simnyolei mzungu nywele!"

Mama alicheka, halafu kicheko kikamgeukia kilio, akaketi chini na ule wembe mkononi. Nilikimbilia kwenye mahindi. Kutoka huko nilimwona Babu akitoka nyumbani, akavuta kigoda, akavua kofia.

"Anza na mimi," alimwambia mama. "Chawa wamezidi."

Babu hakuwahi kuwa na chawa. Alikuwa mtu anayepiga pasi mpaka soksi.

Niliambiwa ukweli baada ya Nyanya kuzikwa, nilipokuwa kijana ninayefunga mfuko kwa safari ya kwanza. Nilimuuliza mama kwa nini walinificha. "Ungemuuliza babu yako mbele ya watu," alisema, "na yeye angelazimika kukataa." Tangu hapo nimezunguka: Mombasa, Juba, Jeddah, sasa hapa, kila siku nikipeleka wafanyakazi kwa basi hadi Al Wukair na kuwarudisha. Popote nilipofika nilijua kwamba ndani ya filamu fulani, ambayo sikuwahi kuiona, baba yangu ameliliwa.

Sasa nimeiona. Nyanya amesimama juu ya mgomba, mikono kichwani, na maneno yanasikika yote. Na chini ya picha wameandika tafsiri, Mungu awasamehe, mimi siwezi: "Baba yetu mweupe ametuacha. Nani atatuponya?"

"Nyanya yako anaimba vizuri," Mugisha alisema kwa heshima. "Alimpenda sana huyo daktari."

"Hakumpenda! Hata hamtaji!"

"Sasa anasema nini?"

Nikamtafsiria, nikisimamisha picha kila baada ya maneno machache. Wafula, nani alikufumba macho? Wafula, nani alikunywesha maji? Baba yako ananizuia, nimekuja kukulilia kwa wageni. Lala, mwanangu. Hapa ndipo kwenu, lala. Nilikuwa napaza sauti kama mtu anayegombana. Watu wamelisikia jina la baba yangu miaka yote hii, likitamkwa wazi, na kuna mtu alilipwa kuketi mezani na kuandika jingine. Hakuuliza. Mwalimu alikuwepo, mama yupo hadi leo, simu anayo. Hakuna aliyeuliza.

Mugisha aliweka kikombe sakafuni. Akakaa wima, akavaa ndala kana kwamba anatoka, akasimama mbele yangu, akanipa mikono yote miwili.

"Wafula ni baba yako?"

"Ni baba yangu."

"Banange. Pole, ssebo. Pole sana kwa kufiwa."

Nilitaka kumwambia ni mambo ya zamani. Badala yake niliishika mikono yake. Nina miaka arobaini na ushei, nimezika babu, nyanya na marafiki, nimepewa pole kwa lugha ambazo hata sizijui, lakini pole ya baba yangu nilikuwa sijaipata. Ilipotolewa, ile siku moja ambayo kijiji kililia, mimi nilikuwa nyuma ya lori nimekunja ngumi, nikidhani msiba ni wa mtu mwingine.