Yunusi Ahesabu Watoto wa Mbwajumali

Yunusi wa Bi Nana alikuwa na maringo yake, tuseme ukweli. Mwaka wa sitini na saba, kijana gani mwingine wa Mbwajumali alikuwa akisoma chuo kikuu Nairobi? Alilala hosteli, kitanda chake peke yake, akala viazi kwa uma, na kila alipoandika barua nyumbani alisahau salamu lakini maktaba hakusahau kuitaja. Basi mwalimu wake wa jiografia, Bwana Ndirangu, alipowaambia wanafunzi wa mwaka wa tatu kila mmoja achague kijiji, ajaze fomu za nyumba arubaini, na asiyezileta hatafanya mtihani wa mwisho, Yunusi alicheka. Mbwajumali ni kwetu, alisema, siku mbili nitakuwa nimemaliza.

Masikini wa Mungu! Swali la kwanza la fomu lilikuwa: watoto wangapi wamo nyumbani?

Alianzia kwa Bi Barka, jirani aliyemjua tangu yumo mbelekoni. Alipewa kahawa na kaimati, akaombewa dua, akasifiwa urefu. Alipotoa kalamu na kuuliza idadi ya watoto, Bi Barka alimvuta kitinda mimba wake chini ya leso, akasema Mungu ametupa, alhamdulillahi, akaanza kukusanya vikombe. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Kufikia alasiri habari zilikuwa zimemtangulia: mwana wa Nana amerudi na kijicho cha bara. Watoto aliowabeba mgongoni mwaka jana sasa walipita mbele yake wamepakwa masizi usoni, kinga ya kijicho. Yunusi aliona haya mpaka akatamani ardhi impasukie. Mzaliwa wa hapa, asijue kwamba wana hawahesabiwi? Alijua sana. Ila alitaka kusahau, na hilo ndilo lililomuuma.

Siku ya sita, fomu zote tupu, alimwambia mamake kwamba miaka mitatu ya masomo inakwenda na maji. Bi Nana alikuwa akikanda unga. Alimwacha kwanza ajute kidogo, maana naye alikuwa na lake moyoni kuhusu zile barua zisizo salamu.

"Wana hawahesabiwi," alisema mwishowe. "Mikate yahesabiwa. Mkate hauogopi kijicho."

Alhamisi akaalika kisomo cha kumwombea mwanawe, akapeleka neno kila nyumba: leteni mofa, moja kwa kila mtoto. Wanawake wa Mbwajumali si wajinga. Walielewa papo hapo, wakacheka mpaka wakajifuta machozi, wakaja na vikapu vilivyofunikwa makawa. Baada ya dua Yunusi akapita na daftari, akifunua na kufunika. Kwa Bi Barka, mofa saba. Kwa Hadia, tatu. Kitoto kimoja kiliiba mofa kikataka kukimbia nayo. Mamake akakikamata mlangoni, akakifokea kisimharibie Yunusi elimu yake.

Kikapu cha mwisho kilikuwa cha Bi Nana mwenyewe. Mofa tano. Yunusi akahesabu tena. Nyumbani walikuwamo watoto wanne, na masharti ya fomu yalikuwa wazi: anayeishi kwingine kwa masomo haandikwi. Fomu moja ya uwongo ingeweza kuziharibu zote, na mtihani akaukosa. Akaitoa mofa moja, akamweleza mamake taratibu kwamba yeye huhesabiwa huko anakolala, Nairobi.

Bi Nana akaipokea, akaigeuza mkononi.

"Na hii niipeleke wapi?"

Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kweli, akangoja jibu, jinsi mtu anavyomngoja msomi. Moyo ukamjaa Yunusi, akalia, mbele ya wanawake wa kijiji kizima, na Bi Barka akampa ncha ya leso yake ajifutie.

Fomu ya arubaini Bwana Ndirangu aliisoma mara mbili, asifute neno, na Yunusi akaufanya mtihani wake. Penye idadi ya watoto paliandikwa watano, na chini yake, kwa herufi ndogo: Mmoja yuko chuoni. Mamake hajakubali kumtoa.