Wadudu Waliokuwepo

Wifi yangu aliwafuga waliomuua bintiye. Ndiyo, umesikia sawasawa! Mtoto alipougua, kila dawa iligonga mwamba. Bakteria kwenye damu yake walikuwa sugu. Alikata roho mikononi mwangu, mama yake yuko mbioni akitafuta dawa nyingine. Maabara tunakofanya kazi, yeye mtaalamu, mimi muosha vyombo, ikawaweka wadudu wale kwenye friza wachunguzwe. Na nani akaomba kazi hiyo? Yeye!

"Wifi, una wazimu?" nilimfokea. "Si kuna bakteria wengine?"

"Wengine hawakuwepo alipokata roho."

Nikachukua ndoo yangu nikaondoka.

Alitafuta jeni inayowapa ule ukaidi. Alinieleza taratibu: unatengeneza nakala mbovu ya jeni moja tu, unawapenyezea, wachache wanaitupa ile nzima na kubaki na mbovu. Hao unawatia dawa. Wakiishi, jeni siyo hiyo, anza upya. Alianza upya hadi akakonda. Nikipita na ndoo yangu namsikia akiinamia visahani alimowafuga, ananong'ona: "Aliniita? Niambieni, aliniita?"

Mimi niliyempakata mtoto hakuniuliza hata siku moja. Aliogopa jibu, na wadudu hawajibu.

Asubuhi moja kisahani cha wenye jeni mbovu, kilichotiwa dawa, kikatoka kitupu, hakuna hata doa. Cha pembeni, chenye dawa ileile na wale ambao hawakuguswa, kimejaa tele. Mkuu wa maabara alimshika mkono: "Sasa tunajua pa kuwapiga. Hongera, mama." Halafu akakumbusha sheria: wadudu hatari kama hawa, kazi ikiisha, wanateketezwa wote.

Kuteketeza ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimewalaani miaka yote, washenzi wakubwa! Nikasema leo ni leo. Wifi akaleta kichupa cha mwisho, akakiweka mwenyewe ndani ya mtambo wa mvuke. Nikafunga mlango. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikagoma. Mimi, na domo langu lote, nilishindwa. Walikuwa ndani ya mtoto wetu akiwa bado ana joto.

Wifi akausogelea mtambo.

"Nimebaki na wewe tu wa kumuuliza," akasema. "Aliniita?"

"Alikuita mpaka sauti ikakauka."

Alikibonyeza kitufe yeye, tukakaa sakafuni tunalia, mvuke ukivuma ndani ya chuma.