Kanda Niliyokuwa Naizima

Juni 1995 nilimzika mume wangu. Aliniachia watoto, shamba la Kasense, redio kaseti na kanda ya hadithi ya mtu aliyechukuliwa na mto wa masika. Tulizoea kuisikiliza pamoja. Baada ya msiba nilikuwa naizima kabla mto haujafurika.

Siku ya kupura ulezi, wifi yangu alizianika betri juani mpaka zikapata nguvu, akaiwasha redio.

“Zima, wifi,” nilisema, fimbo ya kupuria mkononi.

“Njoo uzime mwenyewe, mvivu wewe! Kaka yangu hakununua redio ya kusikiliza nusu.”

Nikaiacha. Mto ukamchukua yule mtu, na msomaji wa hadithi akalia mno. Sikupapenda hapo, aliyefiwa hapati nafasi ya kulia vile, wageni wanasubiri kula. Lakini asubuhi yake mjane wa yule mtu aliwasha moto, akawapikia watoto uji. Hapo msomaji alisema kweli. Ushujaa ninaoujua mimi ndio huo.

“Umesikia?” wifi aliuliza.

“Nimesikia. Rudisha pale pa uji.”

Akaitoa kanda, akaizungusha kwa kalamu ili betri zisiishe, tukaisikiliza tena huku tunapura.