Cherehani ya Bertilla na Vitone vya Romani

Romani hakuwa mwizi. Hilo liwekwe wazi mapema, maana Jumamosi ile ya mavuno alitoka nyumbani kwake Malangali amekumbatia cherehani ya mkewe ndani ya kasha lake, kaifunika blanketi, akapita njia ya uani ili majirani wasimwone. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya mpaka ndani ya koti, lakini yeye alikuwa anatoka jasho.

Bertilla, mkewe, alikuwa kijijini Msanzi kwenye matanga ya shangazi yake Redempta, yule aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Alitarajiwa kurudi Jumapili. Romani alishapanga mambo yake: lori la Masalu, dereva wa Kisukuma, liondoke Jumamosi kwenda Tunduma, cherehani ibadilishwe huko kwa mashine mpya ya gemu, ile ya rangi, na mkewe akirudi akute jambo limekwisha. Atalia, atanuna, atahamia chumba cha mtoto kwa muda. Kisha banda lake la gemu litajaa wateja, naye atasamehe. Ndivyo mwanamume anavyojidanganya akiwa peke yake na kikombe chake cha chai.

Kabla ya hapo Romani alikuwa karani katika kinu cha shirika la umma. Soko huria lilipoingia kinu kikauzwa, na mnunuzi akaja na karani wake mwenyewe. Romani akapewa kiinua mgongo na kushikwa mkono. Wenzake walinunua ng'ombe, wengine walifungua vilabu vya pombe. Yeye akanunua televisheni iliyotumika, ya nyeusi na nyeupe, na kimashine cha gemu chenye kaseti moja. Watu wakamcheka. Kisha watoto wao wakaanza kujazana kwenye mabenchi yake, wakaacha kucheka.

Gemu yenyewe ilikuwa kituko. Katikati ya kioo kulikuwa na mraba mweupe. Kando yake kiboksi kidogo, ambacho ndicho wewe. Kutoka pembeni vilikuja vitone, na kila kitone kilichokupita kilimega kipande cha mraba mpaka uishe. Hakuna kingine. Maandishi juu ya kaseti hakuna mtu mjini aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo gemu haikuwa na jina, wala vitone havikuwa na jina. Watoto wa wakulima walisema ni ng'ombe wanaoingia kwenye mahindi. Watoto wa Kabula, mama wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake, walisema ni fisi wanaovamia zizi. Walibishana karibu kupigana, halafu wakapokezana pedi, ile ya vitufe, na kucheza.

Pamoja na hayo, kilichokuwa kinailisha nyumba ile hakikuwa banda. Ilikuwa cherehani. Bertilla alishona sare za shule, magauni ya kipaimara, viraka vya suruali za watu wazima, na kwa cherehani hiyo Adolfu, mtoto wao, alikuwa sekondari ya bweni. Romani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alifunika blanketi.

Kilichomtia wazimu ni Felisiani. Felisiani alifungua banda jipya karibu na soko, akaweka televisheni ya rangi na mashine mpya ya mpira wa miguu. Wachezaji walikuwa na sura. Walikuwa na namba mgongoni. Wakikimbia sana, unaona hadi jasho! Katika muda mfupi mabenchi ya Romani yakabaki matupu. Alikwenda mwenyewe kutazama, akakaa nyuma ya watu kinywa wazi, akarudi nyumbani na uamuzi mmoja: bila picha kama zile amekwisha.

Masalu alimpokea penye maegesho ya malori, akaliweka kasha la cherehani kando ya magunia ya ulezi. "Likijaa tunaondoka, kaka," alisema. "Ukisikia honi, ujue ndiyo hiyo." Romani alishukuru, akaenda zake bandani, akawasha televisheni ili asikae na mawazo yake.

Alipoanza tu kutulia, kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Bertilla, khanga ya msiba kiunoni, kifurushi mkononi.

"Mama Adolfu!" Romani aliruka. "Si ulisema kesho?"

"Matanga yameanuliwa mapema. Watu wana ulezi shambani."

"Pole na safari. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Naomba ufunguo wa nyumba nikanawe uso."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuhisi uzito wake. Mwanamke huyu akifungua mlango ule, kitu cha kwanza atakachokiona ni meza tupu. Lori bado halijapiga honi.

"Ufunguo nimemwachia Epifania wa chai," alisema. "Naye ameenda Ilemba. Atarudi sasa hivi."

"Epifania ameenda Ilemba?"

"Ndiyo. Kwa dada yake."

Bertilla akamtazama kitambo. Romani akajishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Kaa basi," alisema. "Cheza hata mchezo mmoja, upumzishe kichwa."

"Mimi? Kitu cha watoto?"

"Watoto wenyewe wako wapi? Nani atakuona?"

Alitegemea atakataa, wabishane kidogo, na ubishi ule ule uvute muda. Lakini Bertilla aliweka kifurushi chini, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mkono kuomba pedi.

Mchezo wa kwanza uliisha kabla hajaizoea pedi vidoleni. "Umekwishaje? Mimi bado natafuta kitufe!" Wa pili uliisha vilevile. Wa tatu alizuia kitone kimoja, akashtuka, akacheka kwa pumzi moja, kisha akajiziba mdomo kama mtu aliyecheka kanisani. Romani hakucheka. Masikio yake yote yalikuwa kule kwenye malori.

"Hivi ni vitu gani hivi?" Bertilla aliuliza, macho kwenye kioo.

"Wengine wanasema ng'ombe. Wengine fisi."

"Ng'ombe gani wanaokuja hivi? Hawa ni ndege. Hawa ni ndege wa ulezi."

Akasogea mbele ya benchi. Alipokuwa mdogo Msanzi, kazi yake ilikuwa kulinda ulezi wa shangazi yake, na sasa alianza kuongea bila kumtazama mtu. "Nilikuwa nawakimbilia huku, wengine wanashuka kule. Ninarudi ninalia. Shangazi akaniambia, huyo uliyemwona ameshakula, mwache. Nenda kasimame anaposhukia mwenzie." Kiboksi chake kikahama upande ambao haukuwa na kitu. Kitone kikatokea upande huo huo, kikagonga, kikazimika. "Umeona? Umeona, baba Adolfu?"

Aliona. Aliona na jambo jingine, na jambo hilo lilimchoma. Kwa Felisiani yeye mwenyewe alikuwa amekaa akitazama jasho la wachezaji, akatazama goli likirudiwa mara tatu kutoka pembe tofauti, na mwenye kucheza alikuwa ameweka pedi mapajani anatazama kama wao. Picha ile ilikuwa imekamilika. Mchezaji alikuwa na uso wake, jina lake, namba yake, hukuweza kumfanya awe mtu mwingine. Hapa aliyetengeneza alikuwa na vitone tu mkononi. Hana sura ya kuonyesha, hana rangi ya kuuza, basi akili yake yote akaimwaga kwenye namna vitone vinavyokuja: polepole kwanza, kisha viwili, kisha kimoja kinajifanya kinakwenda kushoto. Na kwa sababu havikuwa na sura, mwanamke aliyetoka kuzika amevipa sura ya ndege, na shamba la shangazi yake limerudi hapo kwenye kioo chenye chenga.

Gemu hii ndiyo Romani aliyotaka kuiacha kwa sababu haionyeshi jasho. Na juu yake alikuwa anatoa cherehani, mkate wa nyumba.

"Mwingine," Bertilla alisema. Mraba wake ulikuwa umekwisha, lakini alikuwa ameshabonyeza mwenyewe kuanza upya. Alikuwa amesimama sasa. "Shetani wewe, pita uone!" Sauti yake ilitoka nje, na vichwa viwili vikachungulia dirishani. Kisha vitatu. Mtoto mmoja wa Kabula akaingia bila kubisha hodi, akasema kwa mshangao, "Mama Adolfu anacheza!" na wenzake wakamfuata. Waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa. Walioshika njia ya kwa Felisiani wakageuza. Mabenchi yakajaa, wengine wakakaa chini, kila mtu anaelekeza: kushoto mama, hapana, huku huku!

Romani aliyekuwa anaomba honi ipigwe upesi, sasa alikuwa anaiombea isipigwe kabisa. Akimwambia sasa hivi, mbele ya watoto wa watu, atamvunja wakati anacheka kwa mara ya kwanza tangu habari ya kifo ifike. Asipomwambia, cherehani inakwenda.

Honi ikalia.

Ilikuwa ile ya Masalu, ndefu, yenye kukwaruza mwishoni. Ya kwanza huwa ya kuita abiria. Ya pili gari linatembea.

"Mama Adolfu, natoka kidogo. Haja."

"Nenda," alisema Bertilla. Hakugeuka.

Romani alikimbia. Alikimbia kama hajakimbia tangu ujana, mzee mzima na koti lake, akaruka mtaro, akamkosakosa mwenye baiskeli, akatukanwa, hakujibu. Alipoona turubai la lori bado halijasogea, akapaza sauti kwa jina wanaloitana wanaume wa Kisukuma.

"Ngosha! Ngosha, subiri! Nishushie cherehani, nimeghairi!"

Masalu alikuwa anakaza kamba. Akamtazama kwa mshangao. "Cherehani gani tena, kaka? Si imeshashushwa."

"Imeshushwa na nani?"

"Na mwenyewe! Shemeji ameteremka hapa na pikapu ya Msanzi, nikampa pole ya msiba. Halafu nikamwomba ufunguo wa kasha, maana ulinipa limefungwa, na yule mtu wa Tunduma hawezi kupokea kitu asichokiona ndani. Akaniuliza, kasha gani? Nikamwonyesha." Masalu alikuna shingo. "Akafunua blanketi, akaliangalia. Kisha akasema, shusha. Mimi nikashusha. Kaka, kwani hamkuzungumza nyumbani?"

Romani akachungulia kwenye magunia ya ulezi.

"Liko pale kwa Epifania," Masalu aliongeza kwa upole.

Pale, hatua chache kutoka kwenye lori, Epifania alikuwa kwenye kibanda chake cha chai, anawamiminia wapakiaji. Chini ya meza yake kulikuwa na kasha, na blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Epifania, ambaye Romani amempeleka Ilemba kwa dada yake! Bertilla alikuwa ametoka kuongea naye. Alikuwa na harufu ya moshi wa chai ile kwenye khanga alipoambiwa habari ya Ilemba, naye akauliza mara moja tu, kisha akakaa kwenye benchi na kuomba pedi.

"Karibu chai, shemeji," Epifania aliita.

"Ahsante," alisema Romani, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Cherehani ilikuwa salama. Alipaswa kufurahi, na kwa kweli alifurahi, lakini furaha yenyewe haikushuka chini ya koo. Aliiacha cherehani pale pale, maana hakuona kwamba ana haki ya kuigusa. Njia ya kurudi aliitembea polepole. Lori la Masalu lilipiga honi ya pili nyuma yake, likaondoka, naye hakugeuka. Bora angemkuta Bertilla amesimama mlangoni anapiga kelele. Bora angempiga na kile kifurushi. Muda wote ule yeye akidhani anamchelewesha mkewe, mkewe ndiye aliyekuwa amekaa anamngoja aseme. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka kwenye baridi ile.

Bandani hapakuwa na pa kukanyaga. Watoto wamebebana migongoni. Bertilla alikuwa bado amesimama, khanga imelegea, ulimi kidogo nje, mraba wake umebaki kipande.

"Mama Adolfu," alisema Romani.

"Ngoja."

"Mama Adolfu, naomba niseme."

"Ngoja nimesema, wanashuka."

Hakungoja. Alijua akingoja hatasema tena. Akasema mbele ya watoto wote wa Malangali, wa mahindi na wa ng'ombe: "Nilichukua cherehani yako. Nilitaka kuibadilisha kwa gemu ya rangi. Nimekwenda kuishusha nikakuta umeshaishusha. Epifania hayuko Ilemba. Ufunguo ninao mimi."

Hata mtoto wa Kabula aliacha kuelekeza. Bertilla hakugeuza shingo. Alizuia kitone cha kushoto, akazuia cha juu, akahamia upande mtupu akasimama kungoja. Safari hii kilikuja kingine mgongoni. Kipande cha mwisho kikamegwa, televisheni ikalia mlio wake mdogo wa kushindwa.

Ndipo akamgeukia mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikujulikana ni ya msiba au ya kioo.

"Nilikuja hapa kukutukana," alisema. "Maneno yote niliyapanga njiani, hakuna lililopungua. Nikasema nikae kwanza, nikupe nafasi useme mwenyewe. Kisha hiki kidude chako kikanishika. Nikasahau cherehani. Nikasahau na wewe." Akaiweka pedi juu ya benchi, taratibu, akafunga khanga yake upya. "Sasa nimekumbuka. Watoto, tokeni nje."

Watoto wakatoka mmoja mmoja bila kusukumana, na wa mwisho akafunga mlango.