Kidole cha Mama Kusum

Ukiuliza duka la Mama Kusum pale Ukunda, utaonyeshwa. Mbele ni duka la vitambaa. Nyuma ni chumba cha sala, na humo kitabu cha Bwana Krishna kimekaa juu ya marfaa, kibao cha kuwekea kitabu, kimefunikwa kitambaa chekundu. Hakiwekwi chini, wala hakishikwi kabla ya kuoga. Kusumben, ndivyo Wahindi wenzake wanavyomwita, hukigusisha kwanza kwenye paji la uso, ndipo akifungue. Alifundishwa na mamake kwamba kitabu hicho hakisomwi ili mtu ajue mambo tu; husomwa ili moyo umpende Mwenye maneno, na anayesikiliza hupata sawa na anayesoma. Ndiyo maana kila siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, siku yao ya kufunga, wanawake wa Kihindi wa Ukunda na Diani huja kumsikiliza.

Wasilolijua ni kwamba Kusumben alikuwa haoni tena herufi. Ukungu ulimwingia machoni taratibu, naye akanyamaza. Maneno si yalikuwa kichwani tangu usichana? Akawa anapitisha kidole, anafunua kurasa kwa kukisia, na wenzake wanafuta machozi.

Alasiri moja, kesho yake ikiwa siku ya kufunga, aliingia Twaiba, mshonaji wa pale barazani, akamkuta anasoma kwa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nimalize hapa."

Twaiba akainama. "Hapa wapi?"

"Hapa kwenye kidole."

"Mama, hapo hapana kitu. Mchwa wamekula, pamebaki tundu."

Kusumben akapapasa, akazigusa kingo za lile tundu.

"Mchwa wa Ukunda hawajui dini ya mtu," Twaiba akasema, akijaribu kucheka. "Kwetu walikula msahafu wa marehemu baba, wakabakisha jalada." Kisha akamtazama usoni. "Ni macho, eeh?"

"Usimwambie mtu."

"Simwambii. Lakini ukikosea, nani anakurudisha?"

Twaiba alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa za Kurani chuoni. Alijua kuwa aliyehifadhi akikosa wa kumsikiliza hupotea, na huku anadhani yumo njiani.

Kusumben akakifunika kitabu. Aibu aliiogopa, lakini hofu iliyokuwa ikimnyima usingizi ilikuwa nyingine: huenda alikwisha kutia maneno yake mwenyewe kinywani mwa Mungu, na wale wanawake wakayabeba hadi kwa watoto wao.

"Waambie kesho," Twaiba akasema.

"Na wakiniondokea?"

"Bora wakuondokee, mama, kuliko wakae wanakula maneno yasiyokuwa ya kitabu."

Kesho yake akawaambia wenzake kuwa haoni herufi. Akampa kitabu Hetal, bibi harusi mgeni wa kule Diani, anayemwita Ba, yaani nyanya.

"Soma wewe. Nami nitasema pamoja nawe. Tukiachana, simama."

Hetal akasoma. Sauti zao zikaenda bega kwa bega, ukurasa baada ya ukurasa. Kila sentensi Kusumben aliikanyaga kama mtu anayevuka daraja bovu. Mara Hetal akasimama.

"Ba, umesema Bwana humwacha anayemsahau."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema humngojea."

Kusumben akajiuliza. Tangu lini? Labda tangu mumewe afariki, alipokuwa akilala na uchungu na kuamka nao. Akamkumbuka mama mmoja aliyeacha kuja, aliyesema hana haja tena kwa kuwa Mungu alikwisha kumwacha. Neno lile mama yule alilipata wapi, kama si humu chumbani?

Hakuna aliyeinuka kuondoka.

"Soma tena," Kusumben akasema.

Hetal akasoma. Kusumben akarudia nyuma yake, neno kwa neno, kama mtoto siku yake ya kwanza chuoni. Na kurasa zilizobaki zilikuwa bado nyingi.