M ya Mwenyewe

Watoto wa mtaa ule walimwita Bi Usicheke, na kila walipomwita walicheka. Jina lilitoka kazini kwake. Alikuwa akipiga picha za vitambulisho na pasi za kusafiria katika chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na picha za namna hiyo hazitaki meno. Basi kutwa nzima alikuwa na wimbo mmoja: kaa wima, kidevu chini, tazama hapa, usicheke. Na hakuna kinachomchekesha binadamu kama kuambiwa asicheke. Mzee mmoja wa posta, mtu mzito wa kuogopwa, aliwahi kukaa kwenye kile kigoda karibu saa nzima akifuta machozi ya kicheko, mpaka akaambiwa arudi kesho.

Aliyeingia mle mara ya kwanza alishangaa vitu viwili.

Cha kwanza ni kamera. Ilikuwa ya kidijitali, lakini ya zile za mwanzo mwanzo kabisa, nene kama nusu mche wa sabuni ya kufulia, rangi yake ya fedha imechubuka pembeni. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kidogo kama stempu mbili zilizobandikwa pamoja. Mlango wa betri ulishikiliwa na mpira. Tena ilikuwa na tabia: ukibonyeza, inafikiri kwanza. Unabonyeza, unasubiri kama nusu sekunde hivi, ndipo inalia *kachak*. Jirani yake, fundi simu aliyeitwa Chaji, alikuwa akiipitia kila asubuhi na kuinama mbele yake.

"Shikamoo Bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba," Bi Usicheke aliijibia. "Anasema simu zako zote atazizika yeye."

Cha pili ni fremu tupu iliyotundikwa ukutani. Si fremu ya kununua. Ilikuwa ya mbao ngumu iliyopigwa msasa mpaka ikawa laini kama shavu, pembe zake zimeshikana bila msumari hata mmoja, kioo safi, na ndani kadibodi tu. Mteja akiuliza mbona haina picha, jibu lilikuwa lile lile miaka kumi na moja.

"Wenyewe bado hawajafika."

Miaka kumi na moja nyuma kamera ilikuwa mpya, zawadi ya shemeji yake aliyerudi safari. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha sita, na yeye hakuijua hata moja. Juu ya kamera palikuwa na kigurudumu chenye alama moja ya kijani na herufi nne: P, A, S, M. Ile ya kijani aliielewa siku hiyo hiyo, ukiiweka hapo kamera inafanya kila kitu yenyewe. Zile herufi akazipa maana kwa akili yake akisubiri wateja. P ni Pole. A ni Acha. S ni Subiri. M aliijaribu mara moja, picha ikatoka nyeusi tii, akasema basi hii ni Mwiko. Hakuigusa tena.

Ndipo fundi seremala wa mtaa wa nyuma akaja na mapacha wake wa miaka saba, na fremu kwapani.

Mapacha hao walipishana kuzaliwa kwa dakika kumi na mbili, na dakika hizo zilikuwa na heshima zake: mmoja aliitwa Mkubwa na mwingine Mdogo. Mkubwa alikuwa mweusi wa kung'aa kama mama yao. Mdogo alizaliwa na ualbino. Pua moja, mdomo mmoja, mwendo mmoja wa kurusha mguu wa kushoto. Lakini watu barabarani walimwuliza Mkubwa, "Huyu mwenzako ni wa nani?"

"Nataka picha ikae sebuleni," seremala alisema. "Anayeingia kwangu aone uso wa huyu na uso wa huyu. Asiniulize swali."

Bi Usicheke akawakalisha, akaweka kigurudumu kwenye kijani, akapiga. Akapiga tena. Flashi ikamlipukia Mdogo machoni, mtoto akajifunika uso. Picha nne, na zote zilikosa mtu. Mbili zilimwonyesha Mdogo kama karatasi isiyoandikwa kitu, hana pua wala mdomo. Mbili zilimwonyesha Mdogo vizuri, na pembeni yake kivuli kilichovaa gauni jeupe.

Seremala akakiinamia kile kioo cha stempu.

"Mama, nimekuletea watoto wawili. Hapa naona uso wa mmoja na gauni la mwingine."

"Fundi, nijaribu tena..."

"Hapana. Fremu baki nayo. Siku ukiwapata wote wawili, utanitumia salamu."

Alitoka na watoto wake mkono huku na mkono huku. Mdogo ndiye aliyegeuka mlangoni, bado anapepesa macho kwa ile flashi, akasema, "Kwaheri, Shangazi," kama vile hakuna baya lililotokea. Hiyo kwaheri ilimkaa Bi Usicheke rohoni kuliko maneno ya baba yake.

Wiki ile ile alichukua yai moja na kipande cha mkaa, akaviweka mezani chini ya dirisha, akageuza kigurudumu mpaka kwenye Mwiko.

Alichogundua kwanza ni kwamba kwenye M kamera haisaidii chochote. Kuna tundu la kuingizia mwanga, unalipanua au kulibana wewe. Kuna muda tundu hilo linakaa wazi, unaupanga wewe. Ukikosea, umekosea wewe. Alikosea sana. Yai lilitoka kama taa, mkaa ukatoka kama shimo. Akaandika namba kwenye daftari la mistari, akabadilisha moja, akapiga tena. Kwa kamera ya filamu angekata tamaa kabla ya Ijumaa, lakini hii ilimruhusu kufuta na kuanza upya bila kinyongo.

Mumewe, dereva wa lori, alirudi safari akakuta yai mezani, akaenda safari nyingine, akarudi, yai bado lipo.

"Mke wangu, hili yai ni la kula au tumelizaa?"

"Usiliguse. Liko kazini."

Pole pole akaanza kuielewa kamera. Ikiachiwa yenyewe, inachanganya yai na mkaa na kutafuta kitu cha katikati, na pale mezani hapakuwa na kitu cha katikati. Kwa hiyo dawa haikuwa kwenye namba peke yake. Ilibidi avigawie mwanga: mkaa upande wa dirisha wazi, yai upande wenye pazia jepesi, shuka jeupe likunjwe pembeni ya mkaa ili lirudishe mwanga kwenye kivuli. Halafu namba zifungwe hapo, kamera isibadilishe mawazo.

Siku ya thelathini na moja alipiga ukelele, mumewe akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani mkewe ameungua.

"Nini?"

"Tazama! Yai lina mviringo. Lina vidoadoa! Na mkaa, ona nyufa zake!"

Mume akatazama, akageuza kamera, akatazama tena. "Kwa hiyo," alisema kwa uangalifu, "ni yai na mkaa."

"Ndiyo! Vyote viwili!"

Siku hiyo M ikabadilishwa jina. Ikawa Mwenyewe. Miaka mingi baadaye Chaji alimwambia kwamba kwa lugha ya kigeni herufi ile inatokana na neno la mkono. "Si ndiyo hiyo hiyo?" alijibu. "Mkono wa nani? Wangu mwenyewe."

Alituma salamu kwa seremala. Jibu likarudi na mteja: mwambie wanangu si wa kufanyiwa majaribio. Mwaka uliofuata akatuma tena, kimya. Akaacha kutuma, akaitundika fremu mbele ya kigoda, mahali ambapo angeiona kila anaposema usicheke.

Jumamosi moja asubuhi mlango ukafunguliwa bila hodi. Wasichana wawili warefu, kila mmoja na begi, wakasimama wakiitazama fremu.

"Ile pale," alisema mweusi. "Si nilikwambia ipo!"

"Mimi ndiye niliyesema."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Dakika kumi na mbili! Utakufa nazo."

Nyuma yao, nje kabisa, seremala alikuwa amesimama barabarani na mvi kichwani, kama mtu aliyepita tu.

"Shangazi," alisema Mdogo, "mabasi yetu yanaondoka saa sita. Mwenzangu anakwenda chuo cha uuguzi, mimi cha ualimu, kila mtu upande wake. Nyumbani hatuna picha hata moja tuliyomo wote wawili. Simu tumejaribu. Jana tumejaribu simu nne."

"Simu zinatupaka poda," alisema Mkubwa. "Zinanipausha mimi, yeye zinamfuta nyusi. Tunatokea mapacha wa watu wengine kabisa. Na baba amesema," akashusha sauti, "kwako anarudi mara hii moja tu. Ikishindikana, anaondoka na fremu yake."

Saa ya ukutani ilisema tatu na nusu. Mwanga wa dirisha lile ulitoka kwenye ukuta mweupe wa jirani, laini kama maziwa, na ulidumu mpaka saa nne tu. Baada ya hapo jua lilikuwa linaingia lenyewe na kuharibu kila kitu.

Bi Usicheke akainuka. Hakufungua daftari, namba alizijua kama jina lake. Akawapa blauzi mbili za kijivu badala ya nyeupe walizovaa. Mkubwa akamweka upande wa dirisha wazi, Mdogo nusu hatua nyuma yake, upande wa pazia. Shuka jeupe likakunjwa kwenye kiti pembeni ya Mkubwa. Flashi hakuigusa.

"Hapa macho yanakuuma?"

"Hapana," Mdogo alisema, akishangaa. "Hapa hata naweza kuyafungua."

"Lakini yanacheza," alisema Mkubwa. Kweli, macho ya mdogo wake yalikuwa yakienda na kurudi, madogo madogo, hayatulii.

"Yanatulia nikiinamisha kichwa hivi. Ila wapiga picha wote wananinyoosha."

Bi Usicheke, mtu wa kaa wima kidevu chini, alifikiri kidogo. "Inamisha," alisema. "Mwegemee dada yako."

Kichwa kikaenda kushoto, kikagusa bega la Mkubwa. Macho yakatulia tuli.

Akapiga ya kwanza. Kwenye stempu ile nyuso zote mbili zilikuwepo. Zote! Lakini alipokuza picha akaona walivyokaza midomo kama watu wanaosubiri sindano. Walikuwepo, ila walikuwa wanaogopa. Hiyo ilikuwa picha ya kitambulisho.

Saa nne kasoro dakika tano. Ukingo wa jua ulikuwa umegusa kizingiti cha dirisha.

Bi Usicheke akabonyeza kitufe nusu, akakishikilia hapo. Kamera ile ukisubiri watu wacheke ndipo ubonyeze, utapata watu waliomaliza kucheka. Ilibidi abonyeze kabla.

"Nyie," alisema bila kuinua uso, "mnajua nilijifunzia kwa nani picha yenu? Siku thelathini na moja nilipiga picha yai na kipande cha mkaa."

Mdogo akakunja uso. "Sasa, Shangazi, ina maana mimi ndiye..."

Kidole kikangoja.

"...yai?"

"Na mimi mkaa!" alidakia Mkubwa. Bi Usicheke akabonyeza, na wote wawili wakapasuka.

"Chekeni!" alipaza sauti Bi Usicheke, neno ambalo chumba kile hakikuwahi kulisikia. "Chekeni, wanangu!"

*Kachak.*

Dukani kwake, penye mashine ya kuchapia picha, Chaji aliifungua picha akiwa na wasiwasi wa kitaalamu. "Dada, hii ni pikseli milioni nne tu, na fremu ile ni kubwa. Itatoka vipande vipande kama mosaiki."

"Chapa."

Karatasi ikatoka taratibu, kwanza nywele, kisha vipaji vya nyuso, kisha macho manne, yote yametulia, yote yamejaa kicheko. Weusi wa Mkubwa ulikuwa weusi wake, wenye mng'ao juu ya shavu. Kwa Mdogo ungeweza kuhesabu vidoadoa vya puani. Pua ilikuwa moja, mara mbili. Chaji aliinama akaisalimia ile kamera, safari hii bila utani.

Seremala aliingia kuichukua fremu ukutani. Alifungua mgongo wake kwa kisu cha mfukoni, akaweka picha, akafunga, akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye pembe zake, moja baada ya nyingine, mpaka wasichana wakaanza kutazamana.

"Baba, basi..." alinong'ona Mkubwa.

"Fremu niliipima vizuri," alisema hatimaye. Kisha akamgeukia Bi Usicheke. "Nilikujia mara moja, ukanisubiri miaka kumi na moja. Mama, nisamehe."

"Fundi, peleka watoto wako stendi. Jua linaingia."

Hakuifunga kwenye gazeti. Aliibeba kifuani, kioo kikitazama mbele, akatoka nayo katikati ya barabara. Wasichana wakamfuata na mabegi yao, wamekufa kwa aibu.

"Baba, igeuze!"

"Niigeuze wapi? Ina upande mmoja tu!"

Muuza magazeti alisimama kuangalia. Mama mmoja mwenye kikapu akauliza, "Hawa ni nani wenye kicheko hiki?" Na sauti ya seremala ikasikika mpaka studio: "Mapacha wangu!"

Ukutani pakabaki msumari na mraba msafi wa rangi. Mteja aliyefuata, karani mwenye tai, akakaa kwenye kigoda, akaweka kidevu chini bila kuambiwa.

"Tazama hapa," alisema Bi Usicheke, "us..."

Hakumaliza. Ilibidi aweke kamera mezani, ajishike mbavu, na karani akakaa pale wima kabisa, akimsubiri mpiga picha aache kucheka.