Kobe Aliyemlilia Ineza

Picha yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa na kichwa wala miguu. Katuni ya wanyama wanaoongea: sungura mweupe anatafuta jiwe linalong'aa, anakutana na tembo wa rangi ya samawati na kobe mwenye miwani, wanapanda wingu, wanaimba, wanaimba tena, jiwe linapatikana, kwisha habari. Uji wa mgawo uliozidishwa maji ulikuwa mzito kuliko hadithi hiyo!

Aliyeipa nyama ni Niragira. Mwaka wa tisini na saba alikuwa mkimbizi katika kambi moja ya Warundi huku Ngara, akiuza dagaa kando ya banda la video. Mwenye banda alikuwa Celestini, Mhangaza wa kijiji cha jirani, aliyejaliwa deki, jenereta na mdomo mtamu. Siku ya kwanza ya picha ile watu walianza kupiga miluzi, maana wanyama walizungumza Kizungu cha puani na hapakuwa na aliyeambulia neno. Niragira alikuwa ameingia kukimbia jua tu. Sungura alipofungua mdomo, akamsemea kwa Kirundi na Kiswahili: "Jamani, mgawo umetoka? Mbona maharage ya leo yana mawe?"

Banda lililipuka. Tembo akawa mgawa chakula mwenye kitambi. Kobe naye, Niragira akampa kicheko cha marehemu bibi yake wa Muyinga, kile kilichoanza kama kikohozi na kuishia "yuu, yuu, yuu." Kuanzia siku hiyo watu walitoka mpaka kambi za jirani kuja kumsikia, na Celestini akawa hamwiti ila dada yangu, dada yangu.

Lakini Niragira alikuwa na lake moyoni. Siku ya kukimbia, mdogo wake Ineza alimponyoka mkononi karibu na mpaka, katikati ya watu, na hakumwona tena. Sasa akaona: watu wote hawa wanaokuja bandani, hakosi mmoja anayemfahamu. Basi sungura wake akaacha mambo ya jiwe, akawa anamtafuta mdogo wake. Karibu na mwisho, anaposimama kilimani kuimba, Niragira aliita kwa nguvu zake zote: "Ineza weee, uri hehe? Uko wapi? Mimi nipo kambini Ngara, kwa wauza dagaa!" Hapo hata wachekaji walinyamaza. Kila mmoja mle ndani alikuwa na wake aliyepotea.

Siku moja Celestini akamjia na redio kaseti ya kunasia sauti. Alikuwa anataka kuizungusha picha mpaka Biharamulo, kwenye magulio ya Nemba na Nyarubungo.

"Twende wote," Niragira akasema haraka.

"Dada, kibali cha kutoka kambini utakipata wapi? Wewe sema humu. Sauti haiulizwi kibali. Itamwita mdogo wako mpaka huko usikoweza kufika."

Loo, maneno matamu! Niragira alisema picha nzima, na pale kilimani aliita mara tatu badala ya moja, mpaka koo likakauka. Alimshukuru Celestini kwa mikono miwili. Kesho yake alipofika bandani kama kawaida, akaambiwa apumzike, kaseti inatosha. Iliuma, hata akahamishia meza yake ya dagaa mbali na banda, lakini akajipa moyo kwamba sauti iko njiani, inafanya kazi yake.

Miezi saba ikapita. Ndipo akaja mezani kwake mkulima mmoja, Msukuma aliyehamia Nyarubungo, jina lake Shilinde. Walitaniana kuhusu udogo wa dagaa, Niragira akacheka kile kicheko cha bibi. Shilinde aliacha mfuko ukaanguka.

"Mama, wewe ndiye kobe?"

"Ndiye mimi, baba. Umeiona picha?"

Yule mzee alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. "Kuna binti wa Kirundi alikuwa analima kwangu. Ineza. Aliposikia kobe anacheka alipiga kelele, akasema huyu ni dada yangu, anacheka kama bibi yetu. Akamwendea mwenye video kumuuliza. Akaambiwa mwenye sauti amekufa kwa kipindupindu."

"Yuko wapi?" Niragira alikuwa amemshika shati.

"Alinyoa nywele. Alipika pombe ya ndizi, akaweka msiba. Mama, mimi mwenyewe nimekunywa pombe ya msiba wako. Ulipokwisha akasema hana tena wa kumngoja Tanzania. Akavuka kurudi kwenu, sijui upande gani."

Niragira aliacha dagaa, aliacha mezani kila kitu. Celestini alikuwa nje ya banda, anatia petroli kwenye jenereta.

"Kaka Celestini, mdogo wangu ulimwambia nini?"

Mwanamume yule hakuona hata haya. "Ah, dada. Analia, anang'ang'ania kaseti, watu wanangoja. Nikasema marehemu ili anyamaze. Ningejuaje kama ni yeye?"

"Si nilimwita kwa jina! Mara tatu!"

"Pale nimeweka muziki. Kule wengi ni Wasukuma, Kirundi watakijulia wapi? Palikuwa panapoza picha." Akafunga kifuniko cha petroli, akavuta kamba, jenereta ikanguruma.

Alimwita dada yangu na bado akamzika angali hai! Niragira alipita mlangoni bila kuulizwa, akasimama nyuma ya banda lililojaa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikichekesha watu, mzaha baada ya mzaha, na kobe akicheka "yuu, yuu, yuu." Sungura akapanda kilimani, akafungua mdomo. Likatoka gitaa.

"Ineza weee!" Niragira aliita juu ya gitaa lile. "Sijafa! Ineza, nipo, sijafa!"

Vichwa viligeuka.

"Wewe mama, kaa chini!" mtu mmoja akamfokea. "Unatuharibia picha."